Vocha za Punguzo

Je, vocha ya punguzo yastahili taabu ya kuifuata? Mimi hukaa Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira. Duka moja kubwa mjini Kisii lilinipa vocha ya shilingi 100, itumike kabla ya siku 7 kupita. Nilirudi kwa matatu. Nauli ikaipita vocha, na juu yake nikanunua biskuti nisizozihitaji. Mke wangu aliuliza faida i wapi. Nilinyamaza.

Pointi za kadi nazo ni mkopo ampao mnunuzi mwenye duka, tena bila riba. Wadai wa Nakumatt walipoamua mwaka 2020 kampuni ifilisiwe, kadi zilizosalia mifukoni hazikuwa na duka la kuzipokea.

Siku hizi vocha naitumia nikiwa na safari nyingine tu. Vitunguu nanunua Daraja Mbili, ambako muuzaji huniongezea kimoja pasipo karatasi.