Anayeshuka Ndiye Amchunge Anayepanda

Likizo ya Disemba ikikaribia, mabasi ya kwenda Kitui na Makueni hujaa pomoni. Baina ya magunia na masanduku utaona pia baiskeli za watoto. Wazazi wa mjini hufurahi kwamba huko kwa nyanya yao watoto watapata nafasi ya kucheza. Nafasi kweli ipo. Lakini katika milima ya Mbooni na Kilungu, nafasi hiyo si tambarare kama uwanja wa mtaani. Ni miteremko mitupu, na miteremko ina adabu zake.

Sisi tuliolelewa huko twaujua utamu wa kuteremka. Tulikalia matawi tukajiburura hadi bondeni. Waliobahatika walikuwa na toroli za mbao zenye magurudumu ya beringi. Siwezi basi kumwambia mtoto asiteremke. Ninalomwambia ni kwamba njia ile si yake peke yake.

Mwaka jana, siku ya soko, nilikuwa nikipanda njia moja ya vumbi upande wa Nunguni. Akina mama walikuwa wakienda na kurudi, vyondo mgongoni. Mara kijana wa miaka kama 12 akatokea juu kwenye kona, baiskeli ikienda kama mshale, miguu yake ikiburura chini badala ya breki. "Nipisheni! Nipisheni!" alipiga kelele. Mbele yangu alikuwa ajuza aliyebeba mtungi wa maji mgongoni, mkanda ukiwa kwenye paji la uso. Aliyebeba hivyo hawezi kugeuka upesi. Ajuza yule alijitupa mtaroni. Mtungi ulipasuka, na mkono wake ukavunjika. Kijana hakupata hata mchubuko.

Lililoniudhi zaidi ni lile neno "nipisheni." Nani alimwambia kwamba mwenye mbio ndiye mwenye njia?

Wenzetu wanaoteleza kwenye theluji walilijibu swali hilo zamani. Tusidhani mchezo huo ni wa wageni tu: Mkenya Philip Boit alishindana kwenye Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani, mwaka 1998, na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya, akaiwakilisha nchi yetu katika mbio za kuteremka mlima huko Korea Kusini mwaka 2018. Milima yao ilipoanza kufurika watu, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIS, lilitunga kanuni 10 mwaka 1967. Mojawapo yasema kwamba anayetoka nyuma ndiye achague njia isiyomhatarisha aliye mbele yake. Sababu yake ni nyepesi: aliye juu anamwona aliye chini, lakini aliye chini hana macho kisogoni. Nyingine zasema usisimame pembamba wala pasipoonekana, anayepanda apite kandoni, na ajali ikitokea kila mtu asaidie.

Ondoa theluji, weka vumbi na changarawe, na kanuni hizo zafaa Kilungu vilevile. Tena huku kwetu anayepanda aghalabu ndiye mwenye mzigo, naye anayeshuka anacheza. Changarawe nayo huteleza chini ya gurudumu. Na hesabu haina huruma: mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unaohitajika ili kusimama huongezeka mara nne. Kijana anayedhani kwamba ameongeza mbio kidogo tu, amejinyima nafasi ya kusimama.

Msongamano nao una hatari zake hata pasipo magurudumu. Familia nyingi zikiwa Kitui hupenda kuzuru mwamba wa Nzambani, ule unaosimuliwa kwamba ukiuzunguka mara saba unabadilika jinsia. Watoto huucheka mkasa huo, kisha wote hukimbilia ngazi za chuma zinazopanda hadi kileleni. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Nami naongeza kwamba akishuka atakutana na wanaopanda. Ngazi si mahali pa kushindana wala pa kusukumana. Waende kwa makundi madogo, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma. Kundi moja likishuka, jingine lingoje chini. Huko kileleni, mtoto ashikwe mkono, na asiachwe atelezee mwambani.

Basi mzazi, kabla baiskeli haijapakiwa, jaribu breki zote mbili na umnunulie mtoto kofia ngumu. Mkifika, mpeleke aitembee njia kwa miguu kwanza, aone kona, mitaro na mahali punda wa maji wanapopita. Siku ya soko, baiskeli ikae nyumbani. Watoto wakiwa wengi, mmoja asimame pale panapoonekana juu na chini, wateremke mmoja mmoja, na wa pili asianze kabla wa kwanza hajaondoka njiani.

Kisha mfundishe neno moja la kutumia badala ya "nipisheni." Akimwona mtu anapanda, afunge breki, ashuke, aseme, "Pita, susu." Hatapoteza chochote ila dakika moja, na mlima utakuwa palepale ukimngoja.