Ajuza Mlangoni

Ukitaka kuijua kaunti ya Homa Bay, usije Machi. Njoo Desemba. Mwezi huo ndio Nairobi hututapika sisi wote kwa mkupuo mmoja. Mabasi ya usiku huingia stendi alfajiri, yamebeba magodoro juu na usingizi ndani. Vijana hushuka na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Mbita litavimaliza kabla ya saa nne. Akina mama hushuka na unga wa ngano, mafuta ya kupikia na habari za watu waliokataa kurudi nyumbani.

Kuanzia Jamhuri, tarehe 12, hadi Mwaka Mpya, ziwa lenyewe hubadilika. Nam Lolwe, ndivyo wazee wanavyoliita, jina la Victoria wamewaachia watu wa ramani. Mchana vijana wanaogelea ufuoni huku spika zikipiga ohangla na benga mpaka mabati yanatetemeka. Ngege anakaangwa mzima, kichwa na mkia, na asiyejua kutoa miiba anachekwa hadharani. Usiku, taa za wavuvi wa omena hutapakaa majini, na mgeni akitazama kwa mbali atadhani ni mji mwingine ng'ambo. Kisiwani Rusinga huwa kuna tamasha la kila Desemba: mashindano ya mashua, mieleka, vyakula vya kale, ngoma za Abasuba. Raha si haba.

Sisemi raha ni mbaya. Nani asiyependa Krismasi? Lakini kuna hadithi moja ya huku kwetu ambayo hunisumbua kila ninapoona watu wanakula na kucheza.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la duara, Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi, samaki hawamo, na siku nyingine heroe hulifanya jekundu ukingoni. Wanajiolojia watakwambia ni kasoko ya volkeno. Wazee watakwambia palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa mvua watu walikuwa wanakunywa pombe na kucheza, akafika ajuza mmoja, kalowa, ananuka, anaomba mahali pa kuota moto. Wakamfukuza. Si ni sherehe bwana, nani anataka kikongwe katikati ya ngoma? Ni mwanamke mmoja tu aliyemtendea wema, naye akaambiwa aondoke upesi. Mvua ikazidi, ardhi ikafunguka, na kijiji kikazama pamoja na mitungi yake. Jina lenyewe linasema hivyo: Simbi iliyozama.

Tulipokuwa watoto tulifundishwa kwamba hadithi hiyo ni ya ukarimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa. Lakini siku hizi nadhani ajuza yule hakuwa mgeni hata kidogo. Nadhani alikuwa wa kijiji kile kile, mkubwa kuliko wote, na alichokuja nacho ni habari. Walimfukuza kwa sababu kumsikiliza kungewapunguzia muziki.

Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika mjini Homa Bay kwa mara ya kwanza, kama zilivyofanyika Kisumu mwaka 2021. Ndege za jeshi zilipita juu ya ziwa, magwaride yakapigwa, hotuba zikasomwa. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Miaka mingi sikukuu za taifa tulizisikia redioni tu, kama arusi ya jirani. Lakini Madaraka ni kumbukumbu ya tarehe 1 Juni 1963, siku Kenya ilipopata serikali ya ndani. Na mmoja wa mawaziri wa serikali ile ya kwanza amelala kisiwani Rusinga, katika kaunti hii hii. Ni wangapi kati ya waliojaa uwanjani siku ile walivuka kwenda kumwona?

Kuvuka si kazi. Zamani ilikuwa mashua au feri. Miaka ya 1980 likajengwa tuta la mawe, likaunganisha kisiwa na Mbita lakini likaziba mkondo wa maji, na leo pamejengwa daraja, maji yanapita chini na matatu zinapita juu. Ukifika Kasawanga utaona jengo la ajabu, la duara chini, juu limechongoka. Binamu yangu, mtoto wa Umoja, alilitazama akauliza, "Sasa hii ni kanisa ama ni roketi?"

Dani, nyanya yetu, alikuwa nasi. Akajibu bila kugeuka, "Ni risasi, nyakwara."

Ndilo kaburi la Tom Mboya, na kweli limejengwa kwa umbo la risasi. Mboya alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, kwenye shamba la mkonge, lakini wazazi wake walikuwa watu wa Rusinga. Alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, kisha mbunge, kisha waziri. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 ilitoka Afrika Mashariki kwenda Marekani kwa juhudi zake na za wenzake. Mwaka uliofuata ndege nyingine zikaondoka, na katika kundi hilo la 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2004. Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Mboya alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa. Swali la nani alimtuma halijajibiwa mpaka leo.

Binamu yangu alisoma maandishi ukutani, akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau: "Kumbe alikuwa mdogo kuliko matha." Na yeye kila siku hupita chini ya sanamu ya Mboya kule Moi Avenue, iliyowekwa mwaka 2011, akikimbilia matatu.

Hapo ndipo Dani alipoanza. Mwaka 1969 alikuwa mwali mpya, ameolewa Rusinga miezi michache tu, katoka kwao Mfangano. Alisema siku ya mazishi mitumbwi ilijaa mpaka maji yakawa hayaonekani. Alisema alipika uji kwa watu asiowajua, siku tatu, na hakuna aliyemwuliza wewe ni nani. Alisema wanaume wazima walilia wakimtazama mwenzao usoni bila haya. Kisha akaongeza, "Mnakuja hapa Krismasi, mnapiga picha, mnaenda. Julai ni mimi na mbuzi."

Tarehe 5 Julai haimo katika sikukuu za taifa. Kwa miaka mingi tarehe 20 Oktoba iliitwa Siku ya Kenyatta, mpaka katiba ya 2010 ilipoigeuza kuwa Mashujaa, ili na wengine wapate nafasi. Vizuri. Lakini kalenda ya serikali ikishafungua mlango, bado lazima mtu aingie na jina mdomoni. Kalenda haisimulii.

Na habari za kisiwa hiki si za Mboya tu. Mwaka 1948, kwenye miamba ya hapa hapa Rusinga, Mary Leakey aliokota fuvu la nyani wa kale asiye na mkia, wa miaka kama milioni 18. Wataalamu walimwita Proconsul, na mwaka 2015 spishi za Rusinga zikapewa jina jipya, Ekembo. Vuka tena hadi Mfangano, utakuta pangoni michoro ya duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, iliyochorwa na wawindaji wa kale kabla ya babu zetu kufika. Halafu babu zetu wenyewe: Abasuba, ambao simulizi zao zinasema walikimbia vita vya ufalme huko Buganda, wakafuata maji hadi visiwani. Walikuja na Olusuba, lugha ya Kibantu. Wakaoana na Wajaluo, shule na kanisa zikafundisha kwa Dholuo, na polepole ulimi ukahama. Leo UNESCO imeiorodhesha Olusuba miongoni mwa lugha zilizo hatarini.

Katika boma letu anayeijua ni mmoja tu. Ndiye yule anayepika uji.

Jioni ya Krismasi, muziki ulipokuwa umepamba moto, nilimkuta Dani nyuma ya jikoni akiimba taratibu, si Dholuo. Nilimwuliza ni wimbo gani. Akasema ni wa kupiga makasia, waliuimba wakitoka Mfangano. Nilichukua daftari, nikaandika kwa kusikia tu, herufi juu ya herufi, kama mtu anayenakili mlango asioujua. Spika zilikuwa zinapiga, ikabidi nimwombe arudie mara nne. Binamu akaja kunivuta, "Twende bana, ngoma imeiva!" Nikamwambia akae kidogo. Akakaa. Baada ya dakika chache akatoa simu, akaanza kurekodi.

Wenzangu mnaoandika, mnaolalamika kwamba hamna cha kuandika, sikukuu ijayo nendeni nyumbani mkacheze mpaka viatu viishe. Lakini kabla ya spika kuwashwa, mtafuteni ajuza wenu. Mwulizeni Julai alikuwa wapi.

Nyimbo alizonipa zimefika saba. Maana ya tatu kati yake bado hajaniambia. Anasema nije Julai.