Bethdei Siyo Keki Tu: Dada wa Mbagala na Shosti Yake wa Mbale

Mjini hapa bethdei ina sheria zake. Saa sita usiku stetasi zianze kumiminika, zile picha za zamani ambazo mwenye siku hataki zionekane zitoke zote, na jioni amwagiwe ndoo ya maji na unga juu. Asiyekuposti anawekwa moyoni mwaka mzima.

Sasa kuna dada mmoja anaishi Mbagala na mama yake, kazi anafanya saluni moja ya Mwananyamala. Mwaka huu alikuwa anatimiza 25 na alishajipangia: keki ya ghorofa tatu, gauni la kushonesha, mpiga picha, sherehe Kigamboni ufukweni. Mashosti wachange elfu 30 kila mmoja. Michango ikasuasua, dada akaanza kuulizia mkopo wa kausha damu. Wanaoijua mikopo hiyo wanajua: ukichelewesha rejesho kidogo tu, watu washakaa mlangoni wanataka kubeba televisheni.

Aliyemshtua ni msusi mwenzake, Mganda wa Mbale. Huyu dini yake ni Uyahudi. Usishangae, wapo. Wanaitwa Abayudaya, yaani watu wa Yuda kwa Kiganda. Aliyewaanzishia ni Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda aliyewahi kuwasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, kisha akaachana nao, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Miaka ya 1970 Idi Amin akapiga marufuku dini yao. Wengi wakahamia dini nyingine, wachache wakabaki wakisali kwa kificho.

Msusi aliuliza swali moja tu: "Ukishakata hiyo keki, kesho yake utakuwa umebadilika nini?"

Dada akacheka. "Si nitakuwa na 25!"

Basi wakawa wanasuka kichwa kimoja, huyu kushoto yule kulia, na msusi anaeleza. Kwenye Torati bethdei inayosimuliwa ni moja tu, ya Farao, na siku hiyo mkuu wa waokaji wake alitundikwa mtini. Siyo kwamba Wayahudi hawakati keki, siku hizi wengi wanakata. Ila bethdei yenye uzito kwao ni ya miaka 13 kwa mvulana na 12 kwa msichana. Ya mvulana inaitwa bar mitzva, mwana wa amri. Ya msichana ni bat mitzva. Kuanzia hapo amri za dini zinamhusu mwenyewe, hajifichi tena nyuma ya mzazi. Kijana anaitwa mbele za watu asome Torati.

Halafu kuna hesabu. Baadhi ya sala za pamoja hazisomwi mpaka wafike watu wazima kumi. Zamani walihesabiwa wanaume tu, leo masinagogi mengi yanahesabu na wanawake. Wakiwa tisa, sala hizo zinasubiri.

"Sasa sisi tulivyo wachache," msusi akasema, "bethdei ya mtoto mmoja ni ya kijiji kizima. Jana tulikuwa tisa, leo tuko kumi."

Hilo neno likamkaa dada. Maana siku ileile ya bethdei yake kulikuwa na kikao cha familia. Baba zake wadogo walitaka kuuza nyumba aliyoacha marehemu baba yake, hiyohiyo anayoishi na mama. Vikao vyote vya nyuma kazi yake ilikuwa kupeleka chai, kisha anaambiwa, "Watoto tupisheni." Kisheria alitoka utotoni tangu ana miaka 18, ila ukoo ulikuwa haujapata taarifa.

Mkopo hakuchukua. Michango akawarudishia wenyewe, mashosti wawili wamenuna mpaka leo. Siku ya kikao akasalimia, akapeleka chai, halafu akavuta kiti akakaa.

"Baba zangu, leo nimetimiza 25. Naomba na mimi nihesabiwe kwenye hili."

Kisha akauliza kwa heshima zote: msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama gani? Kimya. Watu wakanywa chai.

Nyumba haijauzwa. Kikao kimeahirishwa, na baba mdogo mmoja hapokei simu zake. Keki ya ghorofa haikuwepo. Mama yake, ambaye tarehe yake mwenyewe haijui, anajua tu alizaliwa mwaka watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, alimvizia jikoni akammwagia jagi zima la maji, nywele zote zikaharibika. Stetasi hazikufika hata kumi. Ya msusi ilimtakia aishi hadi 120, dua ya Kiyahudi, kwa kuwa Musa aliishi miaka hiyo.

Kwa hiyo mdau, bethdei yako ikikaribia, kabla hujahesabu waliokuposti, angalia ni kikao gani mpaka leo unapeleka chai tu.