Bustani ya Watoto

Wahenga husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Wazazi wengi huyachukua maneno hayo kuwa ni amri ya kumrudi mtoto mapema. Lakini alikuwako Mjerumani mmoja aliyeutazama utoto kwa namna nyingine, akaacha alama katika shule za watoto wadogo za nchi nyingi.

Mtu huyo ni Friedrich Froebel, aliyezaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Oberweissbach. Mama yake alifariki naye hajatimiza mwaka mmoja. Baba yake, aliyekuwa kasisi, alishikwa na kazi za kanisa; na mama wa kambo, alipopata mtoto wake mwenyewe, hakumjali tena. Alipofika umri wa miaka 10 mjomba wake alimchukua, na huko ndiko alikoonja mapenzi ya nyumbani. Ukiwa ule wa utotoni hakuusahau.

Katika ujana wake alijifunza kazi ya misitu, kisha akawa mwalimu. Mwaka 1837 alianza kazi yake ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Humo watoto waliimba, walicheza na mipira ya sufu ya rangi sita, na kujenga kwa vipande vya mti. Tena kila mtoto alikuwa na kijishamba chake cha kutunza. Kwa Froebel, mchezo ndio uliokuwa kazi ya mtoto.

Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo, ikidai kuwa zafundisha watoto kumkana Mungu. Yasemekana maofisa walimchanganya na Karl, mtoto wa ndugu yake. Froebel, mtu wa dini tangu utoto, alijitetea asisikilizwe. Alikufa mwezi wa Juni 1852; marufuku ikaondolewa mwaka 1860.

Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kuruka ua. Mwaka 1856 Margarethe Schurz, mwanamke wa Kijerumani, alifungua bustani ya namna hiyo katika mji wa Watertown, Marekani; na mwaka 1873 Susan Blow akaiingiza katika shule za serikali za mji wa St. Louis.

Katika Kenya shule za watoto wadogo huitwa chekechea au nasari. Nyingi zilijengwa na wazazi wenyewe kwa harambee, na Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kwa serikali za kaunti. Hata hivyo wako wazazi wanaonung'unika mtoto akirudi na udongo mikononi na kusema, "Leo tumecheza." Yafaa wamkumbuke Froebel. Mkulima hahitaji kufundishwa jambo hili, kwani hajapata kuuvuta mche ili urefuke. Huupalilia na kuutilia maji, akaungoja.