Mifupa ya Manda na Kitabu cha Mwanzo



Kila frateri anayetoka darasa la Maandiko Matakatifu na kurudi likizo nyumbani hukutana na swali hili: Agano la Kale limetoka wapi? Je, lilishuka kutoka mbinguni likiwa limekwisha kuandikwa, au ni masimulizi ya Waebrania yaliyokusanywa na watu? Kwetu Manda, kando ya Ziwa Nyasa, swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ardhi yenyewe imeingia katika mjadala.

Wanajiolojia wanayo miamba katika bonde la mto Ruhuhu waliyoipa jina la Manda. Ndani yake imo mifupa iliyogeuka mawe, yenye umri wa miaka milioni 240 hivi. Mtafiti Mwingereza Francis Rex Parrington aliichimba na kuisafirisha miaka ya 1930. Baadhi ilikaa makumbusho kwa miongo mingi kabla ya kuelezwa rasmi. Mwishoni mwa 2012 mnyama mmoja alipewa jina la Nyasasaurus parringtoni. Huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana, au basi ndugu wa karibu wa dinosaria. Mwingine, aliyetangazwa mwaka 2010, anaitwa Asilisaurus kongwe, na hapo msomaji hahitaji mkalimani: asili na kongwe ni maneno yetu. Hata makaa ya mawe ya Mchuchuma, hapo hapo wilayani Ludewa, ni mimea iliyofukiwa zamani zaidi ya wanyama hao.

Likizo iliyopita mtoto wa mama yangu mdogo, aliye kidato cha sita mchepuo wa PCB, aliniambia ameacha kusoma masomo kanisani. Alikuwa msomaji hodari wa kigango. Mkesha wa Pasaka alipangiwa somo la kwanza, lile la kuumbwa kwa ulimwengu, akakataa. Aliniambia, "Kaka Frateri, shuleni naandika kwamba dunia ina mabilioni ya miaka ili nipate alama. Kanisani nisimame niseme siku sita. Mahali pamoja nitakuwa nadanganya. Niambie ni wapi."

Alikuwa ameshapewa majibu mawili. Mhubiri mmoja aliyepita kijijini alimwambia mifupa hiyo ni uongo wa wazungu wa kuwapotosha waamini. Rafiki yake wa bweni alimwambia Biblia ni ngano za kale, aachane nayo. Ukiyaangalia vizuri, majibu hayo mawili yanakubaliana: yote yanadhani kwamba palipo na mkono wa binadamu, Mungu hayupo. Mmoja anaukana mkono wa binadamu ili amlinde Mungu. Mwingine anamkana Mungu kwa sababu ameuona mkono wa binadamu.

Sikumjibu kwa falsafa. Tulifungua Biblia tuone yenyewe inasema nini juu ya kuandikwa kwake. Katika Yeremia sura ya 36 nabii anatamka maneno na katibu wake Baruku anaandika katika gombo. Mfalme Yehoyakimu anasomewa, na kila sehemu inapokwisha kusomwa inakatwa kwa kisu na kutupwa motoni. Yeremia anamwita tena Baruku, wanaandika upya, na mwandishi anaongeza bila aibu kwamba maneno mengine mengi ya namna ile yalitiwa humo. Basi gombo tulilorithi ni toleo la pili, lililoongezwa. Methali 25 inaanza kwa kusema kwamba watu wa mfalme Hezekia ndio walionakili methali zile za Sulemani. Kumbukumbu la Torati linamalizika kwa kueleza kifo cha Musa na maombolezo yake. Maandiko hayajaficha kamwe makatibu, wanakili na wakusanyaji wake.

Na sisi tunaijua kazi ya namna hiyo. Vita vya Majimaji vilipiganwa 1905 hadi 1907. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuyaandika masimulizi ya wazee. Kwa miaka sitini kumbukumbu hizo ziliishi midomoni mwa watu, huku mmoja akikumbuka hivi na mwingine vile. Hakuna anayesema Majimaji haikuwapo kwa sababu ilisimuliwa kabla ya kuandikwa. Israeli nayo ilisimulia kwa vizazi vingi, ikaandika, ikakusanya, na baada ya uhamisho wa Babeli katika karne ya 6 K.K. ikapanga sehemu kubwa ya urithi wake. Ndiyo maana Mwanzo ina masimulizi mawili ya uumbaji yaliyowekwa pamoja. Katika sura ya 1 wanyama wanatangulia na mtu anafuata. Katika sura ya 2 mtu anaumbwa kwanza, ndipo wanyama wanaletwa mbele yake. Aliyeyaweka jirani aliiona tofauti hiyo kama tunavyoiona. Hakutaka kupoteza hata moja.

Hapo ndipo mjadala unapoacha kutisha na kuanza kulisha. Wataalamu wengi wanaiona sura ya 1 kuwa kazi ya makuhani wa wakati wa uhamisho au baada yake. Wababeli walisimulia kwamba ulimwengu ulitokana na mzoga wa mungu-jike aliyeuawa vitani, na kwamba binadamu waliumbwa kwa damu ya mungu mwasi ili wawe watumwa wa miungu. Katikati ya habari hizo watu walioshindwa, wasio na hekalu wala mfalme, walikiri kwamba Mungu ni mmoja. Kwamba anaumba kwa neno, si kwa vita. Kwamba jua na mwezi ni taa tu za kutuangazia, wala si za kuabudiwa. Na kwamba binadamu, mwanamume na mwanamke, ni mfano wa Mungu. Mwandishi hakuwa akihesabu umri wa miamba ya Ruhuhu. Alikuwa akiwaambia watumwa kwamba wao si watumwa.

Kanisa halikufika hapa kwa siku moja. Padre Lagrange, Mdominikani aliyeanzisha shule ya Biblia Yerusalemu mwaka 1890, alitiliwa shaka kwa miaka mingi. Mwaka 1906 Tume ya Kipapa ya Biblia ilikuwa bado ikitetea kwamba Musa ndiye mwandishi wa vitabu vitano. Mwaka 1943 Papa Pius XII aliwahimiza wafafanuzi wachunguze aina za uandishi za watu wa kale, na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum, ukafundisha kwamba Mungu ndiye mtunzi na kwamba waandishi nao ni watunzi wa kweli, waliotumia akili na nguvu zao. Mapema zaidi, Mtakatifu Augustino, msimamizi wa Seminari Kuu ya Peramiho, alionya kwamba Mkristo akisema upuuzi juu ya mbingu na nchi kwa kisingizio cha Maandiko, wasioamini hawatamsadiki atakapowahubiria ufufuko.

Ndugu yangu hakuridhika na yote. Aliuliza, "Na Adamu je?" Nilimweleza kwamba mwaka 1950 Pius XII aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa binadamu, akishika kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na kwamba namna ya kueleza dhambi ya asili mbele ya sayansi ya leo bado ni kazi ya wanateolojia. Aliniambia atalifikiria. Hajarudi mimbarini, nami sikumshurutisha. Ila ameniomba nimtafutie Biblia yenye maelezo chini ya ukurasa.

Mafrateri wenzangu, haya tunayojifunza tusiyaache kwenye madaftari ya mtihani. Vijana wa Ludewa na Njombe wanasoma biolojia kwa bidii, na wengi wataondoka kimya kimya bila kuuliza. Nanyi wazazi na makatekista, mtoto akiuliza kuhusu mifupa ya Manda msimkemee kana kwamba amekufuru. Keti naye, fungueni Yeremia 36, msome pamoja. Mungu aliyekubali kutumia wino wa Baruku hawezi kuaibishwa na mawe aliyoyaumba mwenyewe.