Ardhi Gani? Kiswahili Mezani pa Fundi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba pole pole ndio mwendo. Iko mashine moja ndogo inayoishi kwa kuifuata kauli hiyo, nayo ni mota ya hatua. Mota ya kawaida, kama ile ya feni, huzunguka mfululizo pindi ipatapo umeme. Mota ya hatua hungoja amri. Ikiamriwa hupiga hatua moja, ikasimama, ikangoja amri nyingine. Ile ya bei nafuu inayopendwa na wanagenzi, iitwayo 28BYJ-48, hupiga hatua 2048 hivi ili kukamilisha mzunguko mmoja. Ndiyo maana hufaa pale panapohitajika kuelekeza kitu kwa uangalifu, kwa mfano antena.

Mambo ya antena si mageni katika mwambao wa Malindi. Katika bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa mji huo, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti zilirushwa kutoka hapo. Mashuhuri miongoni mwazo ni ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo angani. Licha ya hayo, wapo hadi leo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakina kifua cha kubeba sayansi.

Mmoja wao alikuwa kijana mwanafunzi wa sayansi mjini Kilifi. Wakati wa likizo alikusudia kuunda antena ndogo itakayojigeuza kuzifuata setilaiti zipitapo. Kwa akiba ya muhula mzima alinunua mota ya hatua, kiendeshi chake, na bodi ya Arduino, kidhibiti kidogo kilichobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Aliunga waya, akaandika programu, akawasha. Mota haikujongea. Siku tatu alihangaika peke yake, akihofu kuiunguza bodi ambayo hakuwa na fedha za kununua nyingine. Kutoka hapo hadi kibanda cha mjomba wake, fundi wa redio mjini Malindi, ni mwendo mfupi wa matatu. Hakwenda. Aliamini kwamba elimu hiyo ni ya Kiingereza, na kwamba mjomba, aliyemlipia karo ya sekondari kwa kazi ya meza ile ile, asingeielewa.

Siku ya nne alishindwa, akaenda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Imekataa nini?"

"Haizunguki. Nimekagua kila kitu. Hata ardhi nimeiunga."

Mjomba aliinua macho. "Ardhi gani?"

Kijana alikwama. Neno hilo alikuwa amelitafsiri kutoka kitabu cha maelekezo. Kwa fundi, ardhi ni ule waya unaofukiwa mchangani kuwakinga watu na umeme. Mjomba aliufuata kila waya kwa ncha ya kalamu. Pini ya bodi haistahili kutoa zaidi ya miliampia 40, ilhali mota ile hula takriban 200. Kwa hivyo kijana alifanya vyema kuipa mota betri zake. "Basi hapa kuna hasi mbili," mjomba akasema, "ya bodi na ya betri. Zimekutana wapi?"

Hazikuwa zimekutana popote. Kiendeshi kilipokea amri bila ya kuwa na kipimo cha kuzisomea. Waya mmoja ulipoziunganisha hasi hizo, taa nne za kiendeshi zilianza kupokezana. Hata hivyo, mota ilitetemeka tu kama mwenye homa.

"Koili zinavutana," mjomba akasema. "Programu mimi siijui. Nieleze inavyoziamrisha."

Ikambidi kijana aeleze kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Programu hudhani pini mbili za kwanza ni za koili moja, na mbili za mwisho ni za koili nyingine. Nami nimeziandika 1, 2, 3, 4..." Akasita. "Lakini katika mota hii, mwenziwe wa kwanza ni wa tatu!" Aliandika upya 1, 3, 2, 4, akapunguza kasi hadi mizunguko 10 kwa dakika. Mota ikazunguka, pole pole.

Hitilafu ya kwanza ilifichuliwa na neno hasi, na ya pili ikafichuka pale kijana alipolazimika kueleza. Maneno ya Kiingereza aliyoyazoea yalikuwa yamempa dhana kwamba anaelewa. Alipokuwa akifungasha vifaa vyake, alimwomba mjomba radhi kwa kukawia. Mjomba alimwambia tu ailete antena ikikamilika.

Sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna funzo hapa. Aghalabu tunaunda istilahi vyumbani mwetu, kamusi ya Kiingereza mkononi, kisha tunalalamika kwamba hazitumiki. Hasi, chanya, mkondo na lehemu ni maneno yaliyo hai mezani pa mafundi. Hatuna budi kuanzia huko, tusikilize na tuulize, ili siku tutakapoandika neno, fundi asituulize: lipi hilo?