Likizo Chini ya Karthala

Kitenzi hama nimekifundisha kwa miaka kumi na minane, na kwa muda wote huo sikukiona kuwa na ugumu wowote. Hukiandika ubaoni mapema katika somo la mnyambuliko kwa kuwa mzizi wake ni mwepesi: hama, hamia, hamisha, hamishwa. Wanachuo hunakili, hutunga sentensi tatu, kisha tunaendelea na vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, ambavyo ndivyo vinavyowatesa. Mwezi wa Mei 2024 mama yangu mzazi alinirudisha kwenye kitenzi hicho kwa maneno machache.

Mama anaishi Gatumba, magharibi ya Bujumbura, karibu na mpaka wa Kongo. Msomaji aliye mbali na huku afahamu kwamba Gatumba ni tambarare iliyobanwa baina ya Mto Rusizi na Ziwa Tanganyika. Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo zake ukaingia mitaani, na maelfu ya watu wakapoteza makazi. Mwaka 2024 zamu ilikuwa ya ziwa lenyewe. Ziwa hili kubwa lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga ulio upande wa Kongo; mvua zikizidi misimu kadhaa mfululizo, maji hupanda polepole na hayana haraka ya kushuka. Nyumba ya mama ilizingirwa. Mimi na ndugu zangu wawili tulimwendea tukiwa tumevua viatu na kukunja nguo hadi magotini, tukamwarifu kwamba Jumamosi atahamishwa.

"Mimi si kabati, wanangu," akasema. "Kabati ndilo linalohamishwa. Mimi nikitaka, nitahama."

Hakutaka. Niliinua sauti mbele ya mama yangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na tukaachana vibaya. Jumamosi ilipita. Maji yalifika kizingitini, yakasimama hapo wiki nzima kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, kisha kiangazi kikaingia yakaanza kurudi nyuma.

Tiketi za kwenda Ngazija tulikuwa tumezilipia tangu Februari. Mume wangu alisoma Dar es Salaam pamoja na kijana wa kisiwa hicho ambaye sasa ni baba wa watu, na kwa miaka mingi walikuwa wakiahidiana kutembeleana. Mimi nilitaka safari iahirishwe. Mama ndiye aliyesisitiza niende, kwa sauti ya mtu anayeona kwamba atapumzika. Basi mwishoni mwa Julai, likizo kubwa ilipoanza, tukaondoka sisi wawili na watoto watatu, tukiwa na kilo mbili za ndagala wakavu ndani ya sanduku. Nguo zetu zote zilinuka ziwa hadi mwisho wa safari.

Ngazija ndicho kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Komoro, vilivyo baina ya pwani ya Msumbiji na Bukini. Kisiwa chote kimezaliwa na moto. Mtu akishuka uwanja wa ndege wa Hahaya, kitu cha kwanza anachokiona ni mawe meusi yaliyochongoka, yametapakaa hadi ufukweni kama shamba lililolimwa likaungua. Juu yake umekaa Mlima Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, ambao siku nyingi haukuonekana kwa sababu ya mawingu. Mwenyeji wetu hakuwahi kuutaja kama hatari. Aliutaja kama watu wanavyomtaja mjomba mwenye hasira: jana alikuwa mzima, leo hatujamsikia.

Binti yetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka sita, hakuwa ameonja maji mengine makubwa zaidi ya Tanganyika. Alijitupa baharini kule Itsandra kwa mdomo wazi, akatoka akilia: "Mama, wameyatia chumvi!" Kaka yake mkubwa alicheka, lakini nilimwona naye akionja kwa siri. Huyo huyo ndiye aliyepanda mlima na baba yake kwa siku mbili, wakalala karibu na kasoko. Kuhusu kileleni sina la kusema; sikupanda. Walirudi na vidonda miguuni na picha za ukungu.

Lugha ya kule ni jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita kimya. Kingazija na Kiswahili ni ndugu wa karibu, lakini ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Maji hubaki maji, ilhali watu wamekuwa wandru. Nilitega sikio kila siku na kila siku nikadhani kwamba kesho nitaelewa. Neno lililotuchanganya zaidi lilikuwa letu wenyewe. Binti yetu wa kati alimpa mtoto wa mwenyeji kikombe cha maji, naye akajibiwa "marahaba". Akanijia akiwa amekasirika kidogo: hakuamkia mtu yeyote, na tena yule mtoto ni mdogo kwake. Ilibidi aelezwe kwamba hapo ameshukuriwa tu.

Kikombe chenyewe kilikuwa na historia. Mvua Ngazija si haba, hasa ubavu wa magharibi wa mlima, lakini kisiwa hakina mto hata mmoja wa kudumu. Miamba ya volkano ni michanga na ina vinyweleo. Maji huanguka, hupenya, hupotea. Watu huyakinga kutoka kwenye mapaa na kuyaweka katika mabirika ya saruji, na wakati wa kusi, mvua zinapopungua, kila ndoo huwa na hesabu yake. Mwaka 2005 Karthala ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, majivu yakaingia katika mabirika mengi, na watu wakakosa maji safi pasipo lava kuifikia nyumba yao. Mwenyeji wetu alinisimulia hayo huku akinionyesha jinsi anavyofunika birika lake. Nami, niliyetoka katika mji ambao ulikuwa ukiyakimbia maji, nilijikuta nikiosha uso kwa nusu kikombe.

Siku ambayo baba na mwana walikuwa mlimani, mwenyeji alinipeleka Singani, kijiji kilicho kusini ya Moroni, kumsalimu shangazi yake. Aprili 1977 lava ilitoka katika mpasuko uliofunguka ubavuni mwa mlima, mbali na kilele, ikateremka hadi kijijini hapo na kuzimeza nyumba nyingi. Shangazi alizaliwa Unguja, katika jamii ya Wangazija waliokuwa wakiishi huko, na Kiswahili chake kilikuwa cha zamani na safi kiasi cha kunifanya nichunge ulimi wangu. Nilimwamkia shikamoo, aliipokea kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokisahau.

Alinitembeza juu ya mwamba mweusi. Hapa palikuwa jiko, akasema, na pale kitanda. Penye kitanda paliota mpapai.

"Hamkuogopa kurudi, mama?" nikamuuliza.

Alinitazama kwa muda. "Kurudi? Moto ndio uliokuja, mwanangu. Sisi tulikuwapo."

Nikadhani nimempata mama yangu wa pili, na kwamba nitamsikiliza tena kwa meno yaliyoumana. Lakini hakuishia hapo. Alinishika mkono akaniongoza hadi nyumba anayoishi sasa, iliyosimama kwenye kiinuko kando ya mkondo wa lava. Alieleza kwamba alikaa kwa dada yake miezi mingi, na kwamba jamaa walimtafutia chumba Moroni, akakikataa. "Walinihamisha kwa maneno kila siku," alisema. "Mimi nikahamia hapa. Hatua hamsini. Nilianza na birika, kuta zikafuata."

Nilikaa juu ya ukingo wa birika hilo na, kwa tabia mbaya ya kazi yangu, nikaanza kuchambua. Katika magomvi yetu yote ya Gatumba tulikuwa tumetumia hamisha na hamishwa. Ndugu yangu mkubwa aliwahi hata kutumia hamishika, akisema mama hahamishiki. Hamia hatukuitumia hata mara moja. Kiambishi hicho kimoja cha kutendea hudai mahali: mtu hawezi kuhamia pasipo kuhamia pahali fulani, na mahali hapo hatukuwa tumempa mama, wala kumuuliza. Tulikuwa tumemwandalia gari tu.

Sisemi kwamba mama alikuwa sahihi kuhusu ziwa. Bado naamini kwamba maji yatarudi. Yalipanda sana mwaka 1964 pia, na yeye mwenyewe, aliyekuwa msichana mdogo, huwa anatusimulia. Wala Singani haiko mbali na moto kwa hatua hamsini tu. Shangazi analijua hilo kuliko mimi.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu kutoka uani kwa mwenyeji wetu. Tulisalimiana kwa adabu ya watu ambao bado hawajapatana. Akaniuliza kama ndagala walifika salama. Nikamwambia walifika, na kila mtu alijua kwamba wamefika.

"Mama," nikasema, "kama ungehama, ungependa kuhamia wapi?"

Kimya kilikuwa kirefu hata nikadhani mtandao umekatika.

"Kuna mahali pa kufuga mbuzi?" akauliza.

"Mahali gani?"

"Huko mlikonichagulia."

"Hatujachagua. Nakuuliza wewe."

Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.

"Basi nipe hadi Jumamosi," akasema.